Usiyafute Majivu ya Bibi Yako

Skola,

Shuleni walitufundisha tuanze barua kwa kuulizana hali, halafu tuingie kwenye "dhumuni la barua hii." Hali yako naijua. Nakusikia hapo ndani ukibishana na mama yako juu ya sweta la pili, na mama yako anashinda kama kawaida yake. Mimi nimekaa huku kibarazani, jua la Jumapili bado liko juu, nimeweka karatasi kwenye sinia kwa sababu meza mmeijaza nguo. Mambo ya sweta, ya chakula, ya kutunza pasi ya kusafiria na ya kutomwamini kila mtu kwenye basi, mama yako ameshayamaliza, na mengine ameyarudia mara tatu. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimekasirika.

Nimekasirika na wewe kidogo, na mimi mwenyewe sana.

Jumatano ulirudi kutoka mjini kusoma barua pepe, ukatuambia kwamba msimamizi wako wa huko Afrika Kusini amelipenda andiko lako la utafiti, ila amekushauri uanze na kemikali za kununua na gesi ya mtungi, "ili watu wasije wakacheka." Ulilisema hilo huku unacheka, na mama yako naye akacheka. Mimi sikucheka. Kesho yake uliacha andiko hilo juu ya kitanda, nami nikalichukua nilisome. Kiingereza chake kimenizidi kimo, sitakudanganya. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa umeshanieleza kwa Kiswahili, hapa hapa kibarazani, tena kwa mikono yote miwili. Ulisema kaboni ile ile ya mkaa, ukiipika kwa moto mkali pamoja na chuma kidogo cha kuichochea, inaweza kujikunja ikawa vimirija, vyembamba kiasi kwamba unywele mmoja inabidi uupasue mara maelfu ndipo ufikie unene wa kimoja. Ukasema wenzetu wanavitengeneza kwa gesi safi na mashine za gharama, na kwamba wewe unataka kuvitoa kwenye magunzi ya mahindi, maji ya majivu, na udongo wetu mwekundu ambao chuma chake kimo humo humo. Nikakuuliza vitafaa nini. Ukasema kuchuja maji, kutunza umeme, na mambo mengine ambayo hata wao hawajayajua. Hayo mengine ndiyo yaliyonifurahisha.

Basi nikafika ukurasa wa tatu. Hapo uliandika majivu ya maganda ya maharage, kwa njia ya Bibi yako, Mjimwema, Songea. Halafu ukapiga mstari juu yake. Juu ya mstari ukaandika kwa kalamu nyingine jina la kemikali ya kopo. Magunzi nayo uliyazungushia duara ukaweka alama ya kuuliza.

Nilikaa na ukurasa ule pale kitandani mpaka mama yako akaja kuniangalia, akidhani nimeugua. Sikuugua. Mstari ule naujua, Skola. Niliwahi kuupiga mimi.

Wewe unajua nusu ya hadithi hii, ile nusu ya kuchekesha. Unajua kwamba baba yako, mhudumu wa maabara ya shule, aliitwa Bwana Magunzi na walimu na wanafunzi na hata wauza nyanya wa sokoni, kwa sababu aliwahi kuleta wageni wakubwa kuwaonyesha mkaa wa magunzi na mkaa ukamwaibisha. Nusu ya pili sikuwahi kumwambia mtu. Hata mama yako naye ataijua leo, maana najua utamsomea.

Unayakumbuka maji ya shule yetu. Ya manjano, yana harufu, ukiyachemsha yanabaki ya manjano na harufu inakuwa ya moto. Tulikuwa na kichujio kilichokuja zamani pamoja na vifaa vya maabara, na ndani yake unga mweusi wa mkaa. Unga ulipochoka tulikuwa tunaagiza mwingine kupitia shirika la umma, lakini shirika lenyewe lilikuwa limekufa, au linakufa, hakuna aliyejua vizuri. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokuwa tunapanga foleni ya sabuni ya mche, ghafla maduka ya mjini yakajaa sabuni za kila rangi, na redio, na viatu vya mtumba, na dawa za meno za aina nne. Sivipondi vitu vile. Nilivaa viatu vile. Ninachosema ni kwamba vitu vilipoingia, kuna kitu kingine kiliingia navyo kimya kimya vichwani mwetu. Tulianza kuamini kwamba chochote kizuri lazima kiwe kimefungwa kiwandani, na kwamba mtu wa Songea kazi yake ni kukifungua.

Mkuu wa shule aliniuliza kama naweza kutengeneza unga ule. Nikasema naweza. Nilikuwa kijana na mdomo wangu ulikuwa mwepesi. Nikaokota magunzi, nikayajaza kwenye makopo ya bati, nikaziba mifuniko kwa udongo mwekundu, nikawaomba wachoma matofali wa hapa Ruhuwiko waniwekee makopo yangu katikati ya tanuru lao. Mkaa ulitoka, mweusi na mzuri wa kutazama. Maji yakapita humo yakatoka ya manjano vile vile. Nilijaribu mara nyingi, na wachoma matofali wakaanza kuniuliza napika nini humo.

Siku moja nikaishiwa magunzi, nikaenda kwa Bibi yako Mjimwema. Yeye hakuwepo, alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nyuma ya jiko lake nikakuta tenga la magunzi ya kuwashia moto, yamelowa na yana rangi ya kahawia. Nikayabeba yote. Nikayaanika, nikayachoma kama yale mengine. Na mkaa ule, Skola, uliyala maji yale. Yaliingia ya manjano yakatoka meupe, na harufu ikaisha. Nilikunywa bilauri mbili mimi mwenyewe, nikamwita mkuu wa shule akanywa, akaniangalia kama nimefanya kiinimacho.

Sikujua kwa nini. Nilirudia kwa magunzi makavu na ikashindikana. Aliyenieleza ni Bibi yako, tena kwa hasira, maana nilikuwa nimemwibia kuni zake.

"We Longino, yale magunzi uliyachukua wewe?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Shikamoo yako baadaye. Nimekuja kuwasha moto sina hata gunzi moja. Na yale yalikuwa mabichi, yalikaa chini ya chungu cha majivu, yamedondoshewa wiki nzima. Yaliwaka?"

Chungu cha majivu. Wewe umekikuta, kile kilichotobolewa chini. Anachoma maganda ya maharage na ya ndizi, anayaweka majivu humo, anamimina maji juu, na yanayodondoka ndiyo anayopikia mlenda na kisamvu kikongwe mpaka kinalainika. Wakati ule chungu kilikuwa kimepasuka kidogo pembeni, kinadondoshea tengani. Wewe leo unaweza kunieleza kilichotokea ndani ya magunzi yale, jinsi potashi ya majivu inavyoyatafuna kwenye moto na kuyaachia matundu madogo yasiyohesabika, na uchafu wa maji unakamatwa humo. Mimi sikuyajua hayo. Bibi yako naye hakuyajua, lakini alijua maji ya majivu yanavyotakiwa kuwa. Alidondosha tone moja ulimini akasema haya ni mepesi, ongeza majivu. Akaonja tena akasema haya sasa. Mkaa ulipotoka tanuruni akasema uoshwe mpaka mkono usiteleze tena, kwa sababu ndivyo unavyoosha chombo kilichokuwa na maji ya majivu. Wewe ulikuwa darasa la pili, uliosha naye, ukaenda kanisani na kucha nyeusi. Kila alichosema kilikuwa sahihi. Mimi nilikuwa na cheti na mizani, na nilichofanya ni kumfuata.

Kisha nikaandika ripoti.

Mkuu wa shule alikuwa amewaambia watu wa mradi mmoja wa maji, na watu wale walitaka kuja kuona. Kama wangeridhika, wangetujengea tanuru dogo la shule, na shule nyingine za mkoa zingekuja kujifunza kwetu. Nilikaa na mashine ya chapa ya ofisini kuandika namna tunavyofanya. Nikafika mahali pa majivu. Nikawaza, watu hawa wametoka mbali, wana gari lenye redio ya upepo, na mimi niwaambie tunatumia maji ya kupikia mlenda? Niwaambie kipimo ni ulimi wa mama yangu? Nikatazama kabati la maabara. Kulikuwa na kopo la soda nyeupe ya unga, ile kemikali, si soda ya kunywa, lina lebo ya nje, limefungwa vizuri. Nikajua majivu na soda ile ni ndugu kwa namna fulani. Nikaandika soda.

Hapa ndipo naomba uniangalie vizuri. Sikuijaribu. Hata mara moja. Mimi niliyekuwa nimechoma makopo mpaka wachoma matofali wakanichoka, kwa ile soda sikuchoma hata kopo moja, kwa sababu niliamini kabisa kwamba kama majivu ya jikoni yamefanya kazi, basi kitu cha kopo kitafanya zaidi.

Wageni walifika. Walisema wataangalia tangu mwanzo, siku ya kwanza kulowesha na kuchoma, na siku ya pili kuchuja. Tukalowesha magunzi kwenye soda mbele yao. Na hapo ndipo Bibi yako akaingia. Alikuwa ametembea kutoka Mjimwema. Alijifunga vitenge vyake vya Pasaka, na mkononi ana chupa ya maji ya majivu, ameiziba kwa gunzi. Alijua ni siku kubwa. Alikuwa ameyakoleza tangu Ijumaa.

Wale wageni walikuwa na adabu. Mmoja akamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba. Kisha akanigeukia akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

Skola, nilisema, "Huyu ni mama anayetuletea magunzi."

Nilisema hivyo. Nimeiandika sentensi hiyo sasa hivi na sitaifuta. Bibi yako aliiteremsha ile chupa taratibu akaificha kwenye mkunjo wa kitenge, akasimama karibu na mlango mpaka ilipoonekana anaweza kuondoka bila kuvunja heshima ya mtu, akaondoka.

Siku ya pili makopo yalifunguliwa. Maji yakapita. Yakatoka ya manjano. Wakaongeza mkaa, yakatoka ya manjano. Yule aliyemwamkia Bibi yako akaniuliza kwa upole, kweli kwa upole, kama kuna kitu chochote tulichokisahau kwenye ripoti. Ule ndio ulikuwa mlango wangu. Ningesema nenda Mjimwema kuna chupa. Gari lilikuwepo, ni mwendo mfupi tu. Lakini kumtaja sasa ni kukiri kwamba jana nilimkana, na nikaona bora mkaa uonekane wa uongo kuliko mimi. Nikasema hapana, hakuna. Wakafunga daftari zao, wakatushukuru kwa chai. Sikuthubutu kuchoma tena, na mwaka ule shule yetu iliendelea kunywa maji ya manjano, na miaka iliyofuata pia, na madukani mjini ukaja unga mweusi wa kuchujia maji kutoka nje, ndani ya makopo mazuri, ambao shule haikuweza kuununua.

Jioni ile nilikwenda kwa Bibi yako. Sijui nilikwenda kufanya nini. Alinipakulia ugali na mlenda. Chupa ilikuwa dirishani, tupu. Alikuwa ameupikia mlenda maji yale yale, na mimi niliula wote, nikaaga nikaondoka bila kuomba msamaha.

Watu waliponiita Bwana Magunzi nilikuwa naumia, na walidhani naumia kwa sababu ya mkaa. Waache waniite. Sasa nalitaka jina hilo. Lakini kwa miaka yote hiyo nilikuwa nalistahili kwa ubaya, kwa sababu nilibakiza magunzi nikamtoa mama.

Sikwambii upigane na msimamizi wako. Simjui, huenda ni mtu mwema, hata yule mgeni wangu alikuwa mwema. Sikwambii pia kwamba vyetu ni bora kwa kuwa ni vyetu, huo nao ni ujinga ule ule umegeuzwa nje ndani. Choma gesi yao. Choma na kemikali yao safi. Na pembeni yake choma magunzi ya Mjimwema kwa maji ya Mjimwema, kwa moto ule ule, uone. Magunzi yakishindwa, andika yameshindwa, kwa wino, na mimi sitakuwa na kinyongo hata kidogo. Lakini yashindwe kwenye moto. Usikubali yashindwe kwenye karatasi kabla hayajaingia motoni, eti kwa sababu kuna mtu mahali fulani anaweza kucheka. Acha acheke! Nani alikufa kwa kuchekwa? Mimi nimechekwa sokoni kila Jumamosi na bado nanunua nyanya.

Na usiniambie kwamba utaanza na vya kwao kwanza ili wakuamini, halafu baadaye utamrudisha Bibi. Nami nilijiambia hivyo. Nilijiambia tanuru likishajengwa nitaeleza. Ukishamwambia mtu kwamba mama yako ni mleta magunzi, ile siku ya kueleza haiji, kila siku inayopita inaifanya iwe ngumu zaidi. Ulisema andiko la mwisho utalikabidhi ukifika. Basi bado kuna nafasi.

Sasa nikuambie nilichofanya wiki hii, usije ukadhani naongea tu.

Ijumaa nilikwenda kwa mkuu wa shule, huyu mpya, nikamwomba lile faili la zamani. Alilitafuta nusu saa, panya wameanza kulila. Nikaichukua ile ripoti, nikaikata soda kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni maji ya majivu ya maganda ya maharage na ya ndizi, namna ya kuyakoleza, namna ya kuonja, na jina kamili la Bibi yako la ubatizo na la ukoo, kwamba yeye ndiye aliyegundua na kufundisha. Nikatia sahihi na tarehe. Mkuu wa shule akasoma akaniuliza, "Mzee Longino, miaka yote hii, kwa nini leo?" Nikamwambia kwa sababu binti yangu anaanza kuandika kama mimi. Sijui kama alielewa. Faili alilirudisha kabatini, na ripoti imo humo.

Na leo, nyinyi mlipodhani nimebaki kanisani na wazee, nilikwenda Mjimwema. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwamkia, nikakaa chini kabisa, si kwenye kigoda, nikamwambia yote kuanzia kopo la soda. Nililia, nisikufiche. Yeye aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akasema:

"Wewe siku ile ulikionea aibu chungu. Mimi nilikuonea aibu wewe. Nilifika nyumbani nikasema huyu mtoto nilimzaa vizuri, wamemharibu wapi?"

Nikamwambia, "Nisamehe, Mama."

"Nilishakusamehe kwenye mlenda. Ungekuwa hujasamehewa ungekula?" Akacheka kile kicheko chake cha meno matatu. Halafu akauliza, "Na Skola anaondoka na nini?"

Skola, amekupa majivu. Yako kwenye kopo la maziwa ya unga, yamechekechwa, nimeyaweka chini ya sweta la pili, hilo hilo mnalogombania, kwa hiyo mwachie mama yako ashinde. Magunzi nayo nimeyafunga kwenye gazeti. Mpakani wakifungua sanduku wakauliza ni nini, waambie ukweli, ni majivu ya maharage na magunzi ya mahindi. Usitafute jina la kupendeza. Bibi amesema usisahau kuonja kwanza, na kwamba ulimi wako ukiwa umekufa kwa vyakula vya huko basi utumie ncha ya kidole, yakiteleza ni mazuri.

Kesho alfajiri atakuja stendi. Nimemwambia baridi ni kali, amekataa kunisikia, amesema miguu ni yake. Atakuja na vitenge vyake vya Pasaka. Stendi itakuwa na watu, walimu wa shule yetu watakuwepo, na wale wenzako wa mjini, na lazima kutakuwa na mtu atakayemwangalia aulize huyu mama ni nani.

Nimeshajipanga. Nitasimama mkono wake wa kulia na nitajibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Nitasema huyu ni mama yangu, na majivu ni yake.

Huko unakokwenda watauliza pia. Mimi sitakuwepo, jibu utalitoa wewe.

Baba yako,
Bwana Magunzi
Ruhuwiko, Songea